Punje ya Kahawa na Mpira wa Mbavuni

Niliwahi kuwa mtu wa kuogopwa. Kwa miaka sita hivi, kati ya Murongo na Kayanga, walikuwako wanaume wazima, wenye wake na vyeo, ambao wakisikia kwamba Jumamosi nitakuwapo uwanjani walikumbuka ghafla kwamba wana homa. Ukiniona leo ninavyohema nikipanda ngazi nne za posta hutaamini, wala sikulaumu. Mke wangu ana miaka mingi nami na bado haamini.

Jambo ambalo wagonjwa hao wa Jumamosi hawakulijua ni kwamba katika uwanja mzima hapakuwa na mwoga kunishinda mimi. Wao waliogopa mpira wangu. Mimi niliogopa punje moja ya kahawa iliyokuwa tumboni mwangu.

Kwetu ni Kamuli, upande ambao sasa ni Kyerwa lakini siku hizo wote tuliuita Karagwe tu. Baba alikuwa na kibanja cha migomba na kahawa, na hakuwa na ng'ombe hata wa kusingiziwa. Alikuwa na rafiki yake mfugaji, wa mbugani ng'ambo ya mto Kagera, ambaye alikuwa na ng'ombe wengi na hakuwa na mgomba hata mmoja. Kila baada ya miezi kadhaa samli ilikuja kwetu na ndizi zilikwenda kwao. Safari moja mfugaji huyo alikuja na mwanawe, kijana wa rika langu, miaka kumi na saba hivi, na kijana akashikwa na homa kali asiweze kurudi. Akaachwa kwetu miezi miwili. Tulilala kitanda kimoja, tukala chungu kimoja, tukabishana kutwa kama binadamu anaweza kuishi kwa ndizi bila maziwa au kwa maziwa bila ndizi. Alipopona, wazee wakaona tumependana, wakaamua tuchanjiane.

Kuchanjiana kwa kwetu hakuishi kwa kushikana mikono. Linachumwa tunda moja la kahawa, linapasuliwa, na ndani yake kuna punje mbili zilizolaliana kama pacha. Kila mmoja anachanjwa kidogo karibu na kitovu, punje yake inapakwa damu yake, anaiweka kiganjani, na mwenzake anaichukua kwa midomo na kuimeza bila kuitafuna. Mimi nilimeza damu yake, yeye akameza yangu. Baba yangu mkubwa ndiye aliyesimamia na kutusomea maneno, akiwa amesimama juu yetu na wembe bado mkononi.

"Akija na njaa, mlishe. Akikimbizwa, mfiche. Akikuomba, usimnyime. Ukimdanganya, ukimwumiza, ukimtoa damu, punje hii ivimbe, ivimbe, mpaka ngozi yako isikutoshe."

Baba, kwa kutaka kututia moyo, aliongeza habari za mtu wa kilima cha pili aliyemlaghai ndugu yake wa kuchanjiana. Tumbo la mtu huyo lilivimba hivi kwamba siku ya kumzika ilibidi wabomoe fito za mlango ili wamtoe. Nilimwuliza baba kama aliona kwa macho yake. Akasema mlango aliuona.

Tangu siku hiyo tuliitana munywani, yaani rafiki wa kuchanjiana, na majina yetu ya ubatizo yakakosa kazi. Padre naye alikwisha kutangaza kanisani kwamba mambo hayo ni ya shetani. Kwa hiyo nilikuwa na kitu tumboni ambacho sikuweza kukitapika wala kukiungama.

Munywani wangu akarudi kwao, akapelekwa shule huko Uganda, na baadaye nikasikia amekuwa mwalimu. Mimi nikapata kazi ya ukarani mdogo kwenye mgodi mmoja wa bati huko milimani, siku ambazo mashimo ya bati yalikuwa mengi kuliko visima. Wakubwa wa mgodi walikuwa Waingereza, na makarani na watunza stoo walikuwa Wahindi na Wagoa. Watu hao, waliokuwa hawali meza moja wala hawasali pamoja, walikuwa na ugonjwa mmoja wa kuwaunganisha, nao ni kriketi. Tatizo lao lilikuwa kwamba kriketi inataka watu kumi na mmoja, na wao walikuwa kumi.

Karani mkuu, Mgoa mfupi mwenye mvi na sauti kubwa kuliko kifua chake, ndiye aliyekuwa nahodha. Asubuhi moja alinikuta nyuma ya ofisi nikimfukuza tumbili kwenye mpapai. Nilirusha jiwe moja tu, tumbili akaliacha papai akaondoka kwa heshima.

"Wewe! Jumamosi una kazi gani?"

"Sina kazi, Karani."

"Sasa unayo."

Kwa msomaji aliyebahatika kutoujua mchezo huu, kazi yenyewe ni hivi. Vijiti vitatu vimesimikwa ardhini. Mbele yake amesimama mtu mwenye gongo pana la mbao, kazi yake kuvilinda. Wewe unatoka mbali ukikimbia, unamrushia mpira mgumu, mwekundu, wa ngozi iliyoshonwa kwa uzi mnene. Mpira unagonga chini mara moja, unaruka, na unatafuta vile vijiti. Akikosa na vijiti vikaanguka, ametoka, aingie mwingine. Ukirusha mbali naye asikoweza kuufikia, wao wanapata pointi ya bure. Na sharti kuu ni kwamba mkono wako usikunjwe kwenye kiwiko hata kidogo. Anayerusha mawe kwa tumbili hukunja mkono, kwa hiyo Karani alinifunga vipande viwili vya mwanzi kwenye kiwiko kwa kamba za mgomba, akaniamuru nitembee navyo wiki nzima. Nilikwenda nyumbani navyo. Mama alipoona mkono umenyooka kama wa maiti aliangua kilio, na mimi nikashindwa kumweleza kwamba ni mchezo.

Kulikuwa na shida nyingine ambayo Karani hakuijua. Kwetu mtu mkubwa humtupii kitu. Unampelekea kwa mikono miwili, umeinama kidogo. Sasa katika mchezo wangu wa kwanza niliwekewa mbele yangu afisa mmoja wa serikali mwenye mvi kichwa kizima, nikaambiwa nimtupie mpira mgumu kwa nguvu zangu zote. Nilikimbia. Nilipofika karibu, miguu ilikataa. Nikasimama, nikasema, "Shikamoo, Bwana." Afisa, ambaye alijivunia Kiswahili chake, akainua kichwa na kujibu, "Marahaba!" Aibu ikanisukuma nikaurusha hapo hapo niliposimama. Neno lilikuwa bado mdomoni mwake wakati vijiti vilipoanguka nyuma yake.

"Endelea kuwasalimia!" Karani alinipigia kelele kwa furaha.

Hivyo ndivyo nilivyoanza. Mbele ya vijiti mkeka wa katani ulitandikwa juu ya changarawe, mkono wangu ni mrefu, na mpira wangu ukigonga changarawe mahali fulani ulikuwa unapanda ghafla kuelekea mbavu za mtu kama kitu kilichofukuzwa. Sikujua ulifanyaje hivyo na mpaka leo sijui. Niliuvunja ubavu wa mtunza stoo wa mgodi jirani, nikalilaza kwa siku tatu jitu moja la idara ya barabara. Kila mara nilikimbia kwenda kumpa pole majeruhi, na wao wakadhani ninawadhihaki. Sifa yangu ikavuma. Usiku wa Ijumaa nilikuwa siwezi kulala kwa kuogopa nani atakuwa wa Jumamosi. Hao lakini walikuwa wageni tu kwangu. Sikuwahi kumeza damu ya yeyote kati yao.

Kila mwaka, baada ya mvua za masika, mgodi wetu ulishindana na timu ya ng'ambo ya mto, na mchezo ulikuwa ukifanyika Murongo, kwenye tambarare iliyo karibu na maji. Walikuwa wametushinda miaka miwili mfululizo. Karani alituambia kwamba tukishindwa tena Meneja ataugeuza uwanja wetu wa mazoezi kuwa shamba la mikaratusi, na mikaratusi aliitamka kama mtu anayetamka kaburi.

Asubuhi ya siku hiyo wageni walivuka kwa mitumbwi. Nilikuwa nimesimama ukingoni kusaidia kushusha mizigo. Kutoka mtumbwi wa pili akashuka kijana mrefu, suruali nyeupe imeishia juu ya vifundo vya miguu, gongo limewekwa begani kama fimbo ya kuchungia.

"Munywani!" akapiga kelele.

Ilinichukua muda. Kisha tukakumbatiana mpaka tukakaribia kuangukia majini.

"Umenenepa," akasema.

"Ni mshahara."

"Si ndizi? Baba hajambo? Mama? Mgomba ule niliokuwa nauegemea bado upo?"

"Ulizaa, ukakatwa. Umeacha watoto wanne, kukushinda wewe."

Akacheka, akaniwekea mkono begani, tukaanza kupanda. Wanafunzi wake kumi hivi walikuwa wamevuka pamoja naye kuja kumwona mwalimu wao akicheza, wakawa wanatufuata nyuma. Akashusha sauti.

"Sasa niambie kitu. Huyu mtu wenu anayevunja watu mbavu ni yupi? Huko kwetu wanasema ni mrefu kama nguzo ya simu, na hacheki."

Nilitazama vidole vya miguu yangu.

"Yupo," nikasema.

"Nionyeshe basi, nikamsalimie mapema. Labda atanihurumia."

"Utamwona."

Nilisema hivyo, na mara hiyo hiyo nikasikia sauti ya baba yangu mkubwa: ukimdanganya. Je, "utamwona" ni uongo? Ni kweli kwamba angemwona. Nilishinda asubuhi nzima nikilipima neno hilo, na timu yetu ilipokuwa ikipiga sikuona hata tulichokuwa tukikipata. Zamu yangu ya kupiga ilipofika nilitolewa kwa mpira wa kwanza, jambo ambalo halikumshangaza mtu.

Wakati wa chakula sikula. Nikamfuata Karani.

"Karani, naomba leo nisirushe. Tumbo."

"Tumbo limefanya nini?"

"Bado halijafanya kitu."

"Likifanya," akasema, "utaniambia. Mpaka hapo utarusha."

Mchana wageni wakaanza kupiga. Nilirusha vizuri, kwa maana niliona mtu anayeingia si munywani wangu, na kila aliyetoka nilimwombea arudi. Ndiyo kazi pekee niliyoifanya ambayo mtu akifanikiwa anajisogeza kwenye msiba wake: kila nilipoangusha vijiti, zamu ya munywani wangu ilisogea. Wakabaki wapigaji wawili na pointi tisa tu ili watushinde. Akaingia.

Alikuwa akitembea huku akifunga glavu, hajanitazama. Akasimama mbele ya vijiti, akainua macho, akaniona mwisho wa uwanja na mpira mwekundu mkononi. Aliangalia kushoto na kulia, kana kwamba ile nguzo ya simu ingetokea mahali. Kisha akacheka kwa sauti.

"Kumbe ni wewe!"

Wachezaji wote wakageuka. Mimi nikakimbia nikarusha, mbali naye kabisa, mpira ukaenda kugonga mizigo. Pointi moja ya bure. Nikarusha wa pili, mbali zaidi, ukaelekea mtoni, mtu akausimamisha kwa mguu. Pointi nyingine. Wa tatu niliuachia polepole, ukadunda mara tatu na kufika kwake ukiwa umechoka. Hakuupiga. Aliuzuia kwa gongo, akautazama kama mtu aliyeletewa chakula cha jana.

"Unalisha kuku?" Karani akanguruma kutoka upande wake. "Mbavuni! Mbavuni!"

Wanafunzi ukingoni walianza kucheka. Sikujua wanamcheka nani, ila munywani wangu alijua. Akaliweka gongo chini, akatembea katikati ya uwanja mpaka nilipokuwa. Akazungumza Kinyambo, lugha ya kwetu, kama tulivyozungumza kitandani, na kati ya waliokuwa karibu hapakuwa na mwingine aliyeelewa.

"Munywani, unanifanyia nini?"

"Nakutunza."

"Unanitunza mbele ya wanafunzi wangu? Kesho nitawafundisha nini, kwamba mwalimu hurushiwa mpira wa watoto?"

"Unaikumbuka punje?" nikamwuliza.

Uso wake ukatulia. "Naikumbuka kila siku."

"Basi rudi ukasimame. Nitarusha pembeni mpaka mshinde, mwende kwenu salama."

"Na baba yako mkubwa alisema nini tena? Akikuomba?"

Hapo nikaelewa anakokwenda. Nilimshika mkono. "Usiombe."

"Naomba."

"Munywani, usiombe!"

"Nakuomba ule wa mbavuni," akasema. "Wa kweli. Kama unavyowarushia wengine."

Akarudi akasimama. Nami nikabaki pale na kitendawili ambacho sijakutana nacho tena chuoni wala katika kitabu chochote. Nikimnyima, nimevunja kiapo. Nikimpa na ukamwumiza, nimevunja kiapo. Kwa vyovyote punje ilikuwa imekwisha kuamka. Niliihisi ikigeuka upande wa pili kama mtu aliyelala kidogo. Karani alikuwa akiita jina langu na la mama yangu. Nikafanya hesabu ya mwoga: kumnyima ni dhambi ya hakika, kumwumiza ni dhambi ya labda. Nikakimbia.

Ulikuwa mpira bora kuliko yote niliyorusha maishani. Nasema hivyo kwa masikitiko. Uligonga chini, ukapanda, na badala ya kuishia mbavuni uliendelea kupanda. Ukampiga juu ya jicho. Nilisikia mlio wake, mkavu, kama kuni inayopasuliwa. Kisha mpira ukaanguka miguuni mwake, ukabingirika polepole nyuma yake, ukaegemea kijiti cha kati, na kijiti kikaanguka.

Alikuwa ametoka. Wenzangu wote walinikimbilia mimi. Waingereza walipiga makofi, Karani alinirukia shingoni, watunza stoo wawili wakaninyanyua mabegani. Kutoka juu huko nilimwona munywani wangu akiwa amepiga magoti, na damu ikishuka kupitia vidole vyake juu ya mkeka. Nilipiga kelele wanishushe. Walidhani nashangilia, wakaniinua zaidi.

Waliponishusha alikuwa amekwisha kuwekwa mtumbwini, shati limezungushwa kichwani, na mtumbwi uko katikati ya maji. Mpigaji wao wa mwisho hakukaa hata kidogo; Karani mwenyewe alimtoa. Tulishinda.

Jioni ile ngozi ya tumbo langu ilianza kukaza. Jumapili sikula wala sikwenda kanisani. Jumatatu tumbo lilikuwa kama ngoma iliyokaushwa juani, na ukiligonga lilijibu. Nikaomba ruhusa nikaenda nyumbani Kamuli kwa miguu, nikiwa nimelegeza mshipi.

"Umekula nini?" mama akauliza akinibinya.

"Sijala kitu siku mbili."

"Basi ndiyo sababu." Akaenda kuchuma mubirizi, yale majani machungu ya uzioni, akaanza kuyaponda.

Baba nilimweleza yote. Alikuwa amekaa juu ya kigoda anachambua kahawa, akaacha.

"Alikuomba?"

"Aliniomba."

"Ukampa?"

"Nikampa."

"Ukamtoa damu?"

"Nikamtoa."

Nilitegemea acheke. Baba yangu alikuwa mtu wa kucheka misibani. Badala yake aliinuka, akatoka, akaenda kutazama migomba ambayo haikuwa na shida yoyote, na alikaa huko muda mrefu. Sijapata kuogopa kitu kama nilivyoogopa mgongo wake siku ile kati ya migomba. Baba yangu mkubwa, aliyetusomea maneno, alikuwa amekufa mwaka uliotangulia. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwuliza. Nilibaki kitandani nikinywa mubirizi na kuuangalia mlango wetu, nikiukadiria upana.

Alhamisi asubuhi mbwa alibweka. Nikasikia baiskeli ikiegemezwa ukutani, na sauti ya mama, "Yesu wangu, jicho!" Munywani wangu akaingia. Upande mmoja wa uso wake ulikuwa umeshonwa na kuvimba, rangi ya zambarau iliyoiva. Nilidhani amekuja kunilaani. Lakini alikuwa ameshika tumbo lake kwa mikono miwili.

"Linavimba?" akaniuliza kabla ya salamu.

"Linavimba. La kwako?"

"La kwangu pia."

"Wewe kwa nini? Umenifanya nini?"

"Nilikuomba kitu kibaya nikijua huwezi kuninyima," akasema, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Nilikitumia kiapo kama mtego, kwa sababu watoto walikuwa wananicheka. Hiyo si kukudhulumu? Sijala tangu Jumamosi."

Baba alikuwa amesimama mlangoni anasikiliza. Alitutazama mmoja mmoja, matumbo mawili juu ya kitanda kimoja.

"Huyu ni mwalimu Uganda," akamwambia mama. "Huyu anasoma magazeti ya Kizungu huko mgodini. Na wote wawili wameniletea matumbo niwasomee."

Akatoka. Aliporudi alikuwa na tunda moja jekundu la kahawa, limechumwa sasa hivi, bado lina umande. Mama akauliza kama alete wembe.

"Wembe wa nini? Damu walikwisha kuimwaga Murongo, Wazungu wakapiga makofi."

Akalipasua tunda kwa ukucha. Akampa kila mmoja wetu punje yake, tukabadilishana, tukameza. Kisha akasimama juu yetu kama ndugu yake alivyosimama, akakohoa. Nilimwona akitafuta maneno, maana waliotuachia maneno hawakutuachia ya kriketi.

"Mpira ukimtoa damu," akasema mwishowe, "punje ilale. Hasira ikimtoa damu, punje iamke."

Akamtazama mama kama kuuliza imekaa sawa. Mama akasema imekaa.

Kabla ya mchana tumbo langu lilianza kunguruma, na mbio nilizozipiga kwenda nyuma ya nyumba zilikuwa za kasi kuliko nilizowahi kupiga uwanjani. La munywani wangu lilitulia baada ya sahani mbili za ndizi na maharage. Yawezekana ni mubirizi. Yawezekana ni njaa. Mimi lakini niliondoka na hofu mpya: je, baba alikuwa na mamlaka ya kuongeza sharti kwenye kiapo asichokisimamia? Sikuthubutu kumwuliza. Na kabla ya kuagana pale uzioni, munywani wangu na mimi tuliahidiana jambo moja, kwamba hatutaombana kitu tena kamwe, maana kuomba kwetu ni hatari kuliko mpira.

Ni ahadi ngumu kuitimiza kuliko mtu anavyodhani. Akija kwetu na kiu hasemi kitu, anautazama mtungi. Mimi nikifika kwao, natazama paa na kusema mvua inakuja, mpaka mtu anikaribishe kulala.

Nilitaka kuacha kurusha. Karani hakutaka kusikia habari hiyo, na mimi sikuwa na ujasiri wa kumweleza sababu. Baadaye nilipata nafasi ya chuo ng'ambo ya mto, nikasoma vitabu vinavyoeleza kwa nini watu kama mimi huamini mambo kama haya. Vilieleza vizuri sana. Nilivisoma nikiwa nimeweka mkono mmoja kitovuni. Likizo nilirudi mgodini, na kila likizo nilirushiwa mpira mkononi.

Mchezo wangu wa mwisho ulikuwa Murongo tena, dhidi ya watu wale wale. Mpira ulikuwa mmoja tu, wa pili ulikwisha kuchanika asubuhi. Munywani wangu aliingia jioni, kovu limekatiza nyusi yake, akasimama. Karani, ambaye sasa mvi zake zilikuwa zimeisha kwa kuwa nywele zenyewe zimeisha, akapaza sauti: "Mbavuni!"

Nilisimama mwisho wa uwanja. Sikujua nirushe upi, wa pembeni au wa mbavuni. Hakuwa na ruhusa ya kuomba, nami sikuwa na ruhusa ya kumwuliza. Tulitazamana mpaka watu wakaanza kunong'ona. Kisha, bila neno lolote, akainua mkono wenye glavu akaligonga tumbo lake mara mbili, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Mpaka leo sijui kama kugonga tumbo ni kuomba. Nilikimbia, nikarusha ule wa kweli. Ulipanda. Nilifumba macho. Nilichosikia safari hii si mlio wa mfupa bali wa mbao, na nilipofumbua macho mpira ulikuwa juu sana, mdogo, unaelekea mtoni. Ukaingia katikati ya maji. Karani alikimbia mpaka ukingoni akipiga kelele mtu aingie, lakini Kagera ina mamba, na hata mtunza stoo aliyempenda Karani kuliko wote alikaa chini akaanza kuvua viatu polepole sana, kisha akavivaa tena.

Mchezo uliishia hapo kwa kukosa mpira. Munywani wangu akaja kusimama karibu nami. Nilikuwa nimeshika tumbo. Naye alikuwa ameshika la kwake.

"Vipi?" akauliza.

"Sijui. Subiri."

Tukasimama hivyo katikati ya uwanja, watu wakikusanya vitu vyao na kuita mitumbwi, sisi tukisikiliza.